Usukani wa Mwalimu Reuben

Silvanus Mwandawiro alikuwa na tabia ya kupiga mstari wa penseli ndani ya mkebe wa sukari, ajue kama imepungua akiwa kazini. Mkewe Wakio aliugundua mstari huo mwaka wa kwanza wa ndoa. Akacheka, halafu akakasirika, halafu akazoea. Mume wake hakumwamini hata jogoo wake mwenyewe. Akifunga kibanda chake cha kutengenezea pikipiki, nyuma ya soko la Voi, alivuta kufuli mara tatu, akaenda hatua kumi, akarudi kulivuta tena. Spana zake zote zilikuwa na alama. Mgeni aliyekaa sana karibu na meza yake ya kazi aliulizwa kama kuna kitu amepoteza.

Lakini ukija kwenye kazi, hapo utamsifu. Ufundi aliupata vitani, Burma, akitengeneza pikipiki za matarishi wa jeshi. Aliporudi nyumbani Sagalla alikuta baba yao amekufa, na shamba la kando ya kijito, lile pekee lisilokauka kiangazi kikija, limekwenda kwa mdogo wake Reuben. Huyo Reuben ndiye aliyepelekwa shule wakati Silvanus anachunga mbuzi Marungu. Wazee walimpa habari hiyo kwa uangalifu, wakimtazama usoni. Silvanus akacheka. "Likiwa kwa ndugu yangu liko kwangu," akasema, akashuka Voi kutafuta riziki. Watu wa Sagalla wamesahau mengi, lakini kicheko kile hawakukisahau.

Na walikuwa na sababu. Kwa watu wa milima ile, hasira ya mtu anayefoka haisumbui sana. Inayoogopwa ni ile iliyofichwa, hasa ya ndugu kwa ndugu, maana wazee husema hiyo hutoka moyoni yenyewe ikaenda kuumiza, na mwenyewe asijue. Dawa yake ni kutasa: unapiga funda la maji au la maji ya miwa, unayapuliza nje, na unasema kwa kinywa chako kwamba yaliyokuwa moyoni yametoka. Silvanus hakuwahi kutasa kwa ajili ya shamba lile. Alisema hana cha kutasa.

Mwaka wa hamsini na tano Reuben, sasa mwalimu na mhubiri, alinunua pikipiki kubwa kutoka kwa mzungu mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na mifuko ya ngozi huku na huku, na sauti iliyosikika kabla haijaonekana. Alitaka kuhubiri mpaka Bomeni, kule Taveta. Kabla ya safari ya kwanza aliipeleka kwa kaka yake, na Silvanus akaifungua yote, akaiosha, akaitia grisi, akaifunga.

Wiki tatu baadaye Reuben akaanguka. Alikuwa karibu na Maktau, mahali tambarare kabisa, akienda maili arobaini kwa saa. Usukani ulianza kutetemeka mikononi, mara ukawa unapiga kushoto na kulia kwa nguvu, mpaka ukamtupa kichakani. Silvanus aliinua gurudumu la mbele, akalishika na kulitikisa. Likacheza. Shingo ya pikipiki, pale usukani unapozungukia, ilikuwa imelegea.

"Nati hii niliikaza mimi," alijiambia. Akaikaza tena.

Mwezi haukuisha. Reuben akaanguka tena kwenye mteremko wa Mwatate, akavunjika jino na kuchubuka bega lote. Safari hii Silvanus alikagua kila kitu. Alivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akaona yako sawasawa. Akapima upepo wa tairi, akagonga spoku moja moja na kusikiliza mlio wake. Zote nzima. Shingo ndiyo ilikuwa imelegea tena, na nati haijilegezi, basi kuna mkono wa mtu.

Mkono wa nani? Miaka ile ilikuwa ya kushukiana. Hali ya hatari ilikuwa bado, kambi ya kizuizini ya Manyani haikuwa mbali, na askari walisimamisha watu barabarani kuwauliza karatasi. Mtu wa kutoka mbali aliangaliwa mara mbili. Silvanus alimfikiria Ogutu, fundi wa reli, Mjaluo mrefu mpole ambaye watu walianza kumsifu kwamba mikono yake haina mfano Voi nzima. Tena Reuben alikuwa akiegesha pikipiki stesheni kila Jumapili, akienda kuwahubiria wafanyakazi wa reli. Hesabu ilikuwa rahisi. Pikipiki ikiendelea kuangusha, nani atamletea Silvanus kazi tena?

Akaikaza nati, akachukua rangi nyekundu, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha shingo. Nati ikiguswa hata kidogo, mstari utakatika. Jumapili akajibanza nyuma ya tangi la maji la stesheni, na saa nne asubuhi akamwona Ogutu kwa macho yake mwenyewe. Jamaa alichuchumaa, akainua gurudumu la mbele juu ya jiwe, akazungusha usukani polepole, akaweka sikio. Mwili wake ulikuwa umeifunika shingo ya pikipiki, mikono yake haikuonekana vizuri. Kisha akatazama huku na huku, akaondoka bila kuongea na mtu.

"Nimekupata," Silvanus akanong'ona. Furaha aliyoisikia haikuwa ya Kikristo.

Nyumbani Wakio alikuwa akichambua maharagwe.

"Baba Alice, huko juu Sagalla wanasema."

"Wanasema nini?"

"Ukatase. Mwalimu ameanguka mara mbili, na pikipiki hakuna anayeishika ila wewe."

Silvanus akapandwa na hamaki. "Nitase nini? Nina hasira na nani mimi? Yuko mtu anamharibia ndugu yangu pikipiki, na wanakuja kuangalia moyo wangu!"

"Mimi nakuambia tu wanavyosema," Wakio akajibu, akaendelea na maharagwe yake.

Lakini maneno yale yalimkaa. Jumamosi iliyokuwa ikija Reuben alikuwa na safari ya Bomeni. Akianguka mara ya tatu huenda asiinuke, na Sagalla nzima itamzika huku inamtazama Silvanus.

Jumatatu Reuben alifika kibandani akiwa ametota jasho. Akaketi juu ya sanduku. "Ifungue yote, kaka. Usikaze tu. Ifungue."

Silvanus aliinama juu ya nati, tayari kumwita ndugu yake aje ashuhudie kazi ya Ogutu. Mstari mwekundu ulikuwa mzima. Haukuwa umekatika hata kiasi cha unywele. Akatikisa gurudumu, na shingo ikacheza vilevile.

Aliifungua yote. Gololi za kikombe cha chuma cha juu, zile ndogo ambazo usukani huzungukia juu yake, akazihesabu: ishirini na nne. Za chini: kumi na tisa. Akahesabu tena, akazisogeza moja moja kwa kidole. Kumi na tisa. Zilikuwa zimesukumana upande mmoja na kukila kikombe, ndiyo maana shingo ililegea na nati haikusogea.

"Ningoje," akasema, akaenda nyumbani, hatua mia moja tu.

"Mama Alice, uliwahi kuona gololi?"

"Zile? Si nilikuambia? Mwezi wa nne, nilipofua ovaroli yako, zilianguka kwenye karai. Nikakuambia nimeziweka kwenye kikombe cha chai, ukasema sawa."

Kikombe kilikuwa juu ya rafu, karibu na mkebe wa sukari. Ndani yake zilikuwa tano.

Alisimama pale akakumbuka. Siku ile ya kwanza Reuben alikuwa ameketi juu ya sanduku hilohilo, akimweleza jinsi atakavyochimba kidimbwi kwenye shamba la kijito na kupanda migomba. Silvanus alikuwa na gololi za mwisho kiganjani. Akazitia mfukoni ajifute uso, akacheka, akasema ni jambo jema. Kisha akaifunga shingo. Yeye, anayepima sukari kwa penseli, hakuhesabu.

Aliporudi alifungua kiganja mbele ya ndugu yake. Reuben hakushangaa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Ulijua?"

"Ogutu aliniambia jana. Alisikiliza akasema, 'Mwalimu, hii kitu iko na gololi kidogo huku chini. Wacha nifungue.' Nikamkataza. Akiifungua yeye, kila mtu atajua ni nani aliyeifunga. Nilitaka uzione mwenyewe." Akajipangusa jasho shingoni. "Leo sikuipanda, kaka. Nimeisukuma kutoka stesheni." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini: "Ulikusudia?"

Silvanus alitaka kusema hapana. Angemjibu hivyo askari, mchungaji, hata hakimu. Alimtazama mdogo wake na lile pengo la jino.

"Sijui," akasema. Aliogopa jibu lake mwenyewe.

Akaenda kwenye mtungi, akateka maji kwa kata, akapiga funda, akayapuliza nje ya mlango. "Lile shamba liliniuma," akasema. "Nilicheka, lakini liliniuma. Miaka tisa." Akapiga funda la pili. "Litoke. Lisimguse mtoto wa mama yangu."

Reuben alikuwa amehubiri mara nyingi dhidi ya mambo hayo. Alikaa akitazama maji yakikauka kwenye vumbi jekundu, halafu akanyoosha mkono. "Nipe na mimi."

Akapuliza. "Siku ile uliyocheka, niliona hukucheka. Nikanyamaza, kwa sababu shamba lilikuwa zuri."

Silvanus alibadilisha kikombe cha chini, na gololi wakazihesabu pamoja kwa sauti mpaka ishirini na nne. Ogutu hakuombwa radhi kamwe, Silvanus hakujua pa kuanzia. Ila alipopita wiki ile aliachwa asimame karibu na meza muda wote aliotaka, na hakuulizwa kitu.

Jumamosi Silvanus alipanda nyuma ya ndugu yake. Hakuna aliyemwomba. Walipofika karibu na Maktau, kwenye kile kichaka, Reuben akaongeza mwendo hadi maili arobaini. Usukani ukatulia tuli.

"Kaka!" Reuben akapaza sauti kushinda upepo. "Mbona umenibana hivyo? Unaogopa?"

"Naogopa," Silvanus akajibu, wala hakucheka.