Ng'ombe Aliyeficha Maziwa

Binti yetu alikuwa na miaka minane alipougua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa hospitalini Kericho siku chache tu, kisha tukamleta nyumbani Roret, tukamzika pale shamba la chai linapokomea, karibu na zizi.

Wiki ya matanga majirani walituchumia chai, wakatupikia, wakaimba. Baadaye kila mtu akarudi kwake. Waliozoea kuniita kwa jina la mtoto, Mama Fulani, wakaanza kuniita "madam". Sikuwalaumu, ingawa mimi niliendelea kumwita mume wangu Baba.

Aliyekataa kabisa kuzoea ni ng'ombe wetu mwekundu. Kila jioni, baba yake akikamua, binti yetu alikuwa akisimama hapo mbele, akimkuna ng'ombe shingo na kumsimulia habari za shule. Sasa mume wangu alichuchumaa na ndoo mpaka magoti yakamuuma, akapata maziwa ya kutia kwenye chai tu.

"Ameficha," aliniambia, akaweka ndoo mlangoni.

Siku hizo tuliongea kuhusu mbolea na mvua tu.

Mimi huandika vitabu vya watoto. Tangu mazishi sikuwa nimeandika hata mstari. Watoto niliowabuni walinikera kwa kuwa wazima. Jioni moja, mume wangu alipopeleka majani ya chai kituo cha kuuzia, niliingia zizini peke yangu. Nikamkuna ng'ombe shingo, na mdomo wangu ukatoa sauti ya binti yangu, ile nyembamba yenye haraka: "Leo mwalimu ameniuliza swali na sikujua, lakini nikainua mkono tu! Sasa leta maziwa, usinichoshe."

Masikio ya ng'ombe yaligeuka. Maziwa yakashuka. Nilikamua huku nasimulia, huku nalia.

Nilipoinua kichwa, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, kikapu kitupu bado kiko mgongoni.

"Wacha."

"Baba, ameachilia. Angalia ndoo."

"Nimesema wacha. Huyo si mtoto wa vitabu vyako."

Usiku huo na siku zilizofuata alilala sebuleni. Mimi sikurudi zizini. Ng'ombe akaficha tena.

Kisha siku moja nilikuwa nachuma mboga za managu nyuma ya zizi nikasikia mtu akiongea ndani. Ilikuwa sauti nzito inayojikaza iwe nyembamba. "Leo... leo mwalimu ameniuliza swali." Akasogeza ndoo. "Na sikujua," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Sikujua kabisa."

Nilitaka kuingia. Lakini nilijua nikiingia ataacha, basi nikabaki pale na managu yangu mkononi mpaka akamaliza.

Alileta ndoo ikiwa nusu. "Amekubali kidogo."

"Asante, Baba."

Tulikunywa chai meza moja, kila mtu akitazama kikombe chake. Usiku alirudi chumbani, akalala akiangalia ukuta.

Mvua za masika zilipofika, ng'ombe alizaa, akaanza kumwachilia maziwa mtu yeyote. Mume wangu sasa hukamua kimya.

"Afadhali ng'ombe amesahau," jirani aliniambia.

Nikamjibu ndiyo.

Nimeanza kuandika tena, kidogo kidogo, asubuhi. Kuna jioni natamani kumuuliza mume wangu kama bado anaikumbuka ile sauti ya binti yetu vizuri. Sijamuuliza. Naogopa atasema hapana.