Jina la Kuzma kwenye Mwamba wa Kljun

Asubuhi ya tarehe kumi na tisa Julai, Jerko aliamka na hasira zake za jana, hazijapungua hata chembe. Jana alipokuwa akiwapitisha watalii kwa boti yake kwenye rasi ya Kljun, aliona mtu amechora moyo mwekundu, mkubwa kama sinia, juu ya msalaba wa mawe uliosimama pale mwambani. Na msalaba ule ndio kaburi pekee alilo nalo baba yake.

Baba yake, Kuzma, alizama pale kwa dhoruba ya kiangazi akivuta mitego ya kambakoche. Bahari haikumrudisha. Jerko alikuwa na miaka minne. Mama yake, Dinka, aliagiza msalaba uchongwe jina na miaka, na tangu hapo kila tarehe kumi na tisa Julai alikwenda na kopo la rangi nyeusi na brashi kuyakoleza maandishi, maana jua na chumvi ya pale havina huruma. Jerko alipokua akawa ndiye anayempeleka. Alibaki kwenye usukani ili boti isigonge mwamba, na mama akapanda peke yake. Ndivyo walivyofanya miaka yote, mpaka nyonga ya mama ilipovunjika. Miaka miwili sasa rangi haijapakwa.

Watu wa kisiwa wakipita Kljun huzima injini, huvua kofia na kumwaga tone la divai baharini. Ila siku hizi kuna Toma. Toma alifanya kazi kwa Jerko misimu mitatu, akaondoka, akanunua boti ya mwendo kasi yenye kipaza sauti, na tangu hapo rasi nzima haina amani. Jerko hakuwa na shaka kwamba moyo ule ulichorwa na abiria wa Toma.

"Leo usiende, mama," alisema asubuhi hiyo. "Bahari haijatulia."

"Bahari imelala kama maziwa kwenye bakuli. Unanidanganya mimi, niliyekuzaa?"

"Nina wageni wanane."

"Basi watakuwa tisa. Na usinishike hivyo, mimi si gunia la viazi."

Akakaa nyuma ya boti katika nguo zake nyeusi, kopo la rangi mapajani. Wageni wakamtabasamia. Yeye hakuwatabasamia. Jerko aliwaonyesha pango la popo na ghuba ya mchanga mweupe, akawapa mkate na dagaa wa chumvi, na muda wote akawa anaomba Toma asiwepo Kljun.

Toma alikuwepo. Boti yake ilikuwa imesimama chini kabisa ya msalaba, abiria kumi na wawili wamesimama na simu juu, na sauti yake inarudi kutoka kwenye majabali kwa Kiingereza. Kisha abiria wakageuka, wakaupa msalaba mgongo, wakaanza kurusha sarafu na kubusiana.

Dinka aliuona moyo. Alisimama bila fimbo.

"Nani kafanya hivi? Jerko, yule anasema nini kwenye hiyo tarumbeta yake?"

"Upuuzi tu, mama. Kaa chini."

"Sijauliza kama ni upuuzi."

Damu ilikuwa inamchemka Jerko. Akazima injini, akaiacha boti isogee yenyewe mpaka boti zote mbili zikakaribia kugusana, akapayuka: "Wee Toma! Huna haya? Unauza kaburi la watu! Zima hilo domo kabla sijaja kulitupa baharini, na wewe nyuma yake!"

Toma akashusha kipaza sauti. Kwanza alicheka, halafu akamwona mwanamke aliyevaa nyeusi, kicheko kikakatika.

"Shangazi Dinka. Shikamoo. Sikujua upo."

"Unawaambia nini watu hawa?"

"Hadithi ya Marijeta tu, shangazi. Msichana aliyejirusha hapa kwa ajili ya baharia."

"Marijeta gani? Hapa hajawahi kujirusha mtu. Hapa kuna mume wangu."

Toma akamtazama Jerko. Jerko akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayemsihi mwenzake. Lakini Toma alikuwa ametukanwa mbele ya abiria wake, na yeye pia damu yake huchemka.

"Mimi nimeongeza sarafu na mabusu, kweli, na huo moyo nitausugua kwa mikono yangu. Ila Marijeta sikumzua mimi. Muulize kapteni wako hapo. Misimu mitatu nimemsikia akimsimulia, kila siku, mpaka wanawake wanalia."

Sasa hasira ya Jerko ilikosa mahali pa kwenda. Ni kweli. Msimu wake wa kwanza mwanamke mmoja Mjerumani alimuuliza msalaba ule ni wa nani, naye akaona vibaya kumtaja baba yake mbele ya watu waliovaa chupi za kuogelea huku wanakula tikiti maji. Akatamka jambo la kwanza lililomjia. Wageni wakashusha pumzi, wakapendezwa. Kesho yake akasimulia tena, akatia chumvi kidogo. Kisha akazoea, na hilo la kuzoea ndilo lililomuumiza sasa kuliko uongo wenyewe. Alitamani kujichapa.

"Ni kweli?" mama akauliza.

"Ni kweli."

Dinka hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimkabidhi kopo na brashi.

"Mimi sina mguu. Panda wewe."

Bila kuombwa, Toma aliifunga boti yake kwenye ya Jerko, akarukia ndani, akashika usukani. Jerko akapanda mwambani kwa mara ya kwanza maishani mwake, na magoti yake ya miaka sitini kasoro mmoja yakampigia kelele. Alikwangua moyo kwa kisu mpaka vidole vikachubuka. Wageni wa boti zote mbili walishusha simu.

Akachovya brashi. KUZMA akaliona vizuri, akalijaza herufi moja moja. Chini yake palikuwa na miaka, lakini chumvi ilikuwa imeila. Palibaki vishimo tu. Alipapasa kwa kidole. Akafikiri. Akapapasa tena.

"Mama," akaita, bila kugeuka. "Alizaliwa mwaka gani?"

Mama akaegemea ukingo wa boti, akainua uso.

"Na huyo Marijeta wako, yeye alizaliwa lini?"

Jerko alijua. Tarehe nne Mei, siku ya Jumapili. Miaka kumi na tisa, nywele mpaka kiunoni. Alisimama pale na brashi mkononi, rangi nyeusi ikimdondokea miguuni.