Mashine ya Arap Sigei na Mkono wa Shangazi Rael

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikiwa sitaki. Juzi umekabidhiwa ile mashine ya kuchonga na kutoboa chuma, na nimekuona ukitembea kifua mbele. Hebu kaa hapo kidogo.

Nilikuwa kijana wa rika lako, fundi katika karakana ya Mzee Arap Sigei, hapo Kericho. Mashine yake, kama hiyo yako, ilikuwa na nguzo ya duara kama bomba, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake: ukilegeza kichwa, kile kinachoshika keekee ya kutobolea, ili ukipandishe, kinageuka kidogo, na tundu ulilokuwa umelilenga linakupotea. Mzee alichoka kulenga upya kila mara. Akachonga chuma kirefu kilichonyooka, akakisimamisha kando ya nguzo, kisha akafunga mkono wa chuma kutoka kwenye kichwa hadi hapo. Kichwa kikawa kinapanda na kushuka bila kugeuka. Watu walitoka hata Fort Ternan kuja kuangalia, na mimi nikiwaeleza kana kwamba nimeibuni mwenyewe. Shenzi kabisa!

Sasa shangazi yangu Rael, dada ya baba, akaleta gurudumu la mashine yake ya kukatia ng'ombe majani. Alitaka nitoboe matundu mapya ya kufungia kisu. Gurudumu lilikuwa pana, kile chuma kikalizuia, nikakifungua. Mzee akaniona.

"Sawa," akasema, "lakini ukipandisha kichwa, pima upya."

Nikamjibu ndiyo mzee. Ndiyo ya mdomo tu, maana nilikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira Kabianga.

Nilitoboa kwa keekee ndogo, nikapandisha kichwa ili niweke kubwa, nikashuka nayo bila kupima. Tundu la mwisho likaenda kombo, likawa na umbo la yai. Niliona, mwanangu. Usije ukaambiwa sikuona. Nikaziba aibu yangu kwa wosha pana, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya bolti, nikapaka rangi, nikampa shangazi gurudumu lake. Akanishukuru sana.

Wiki haikuisha. Bolti ililegea akiwa anakata majani ya napia, kisu kikachomoka, kikaondoka na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia. Mkono wa kuchumia chai!

Gurudumu liliporudishwa karakana, Arap Sigei alitoa ile wosha, akatazama tundu, akanitazama mimi. Hakunipigia kelele.

"Ulijua," akasema. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nilienda. Nilimkuta ameketi, mkono umefungwa bandeji, majirani wamejaa nyumba. Kabla sijafungua mdomo, akawaambia, "Huyu mtoto msimlaumu. Ni mimi nilisogeza mkono karibu sana. Ni uzembe wangu." Na mimi, mwanaume mzima, nikanyamaza. Nikanywa na chai yake.

Mzee aliningoja niseme, na hakusema badala yangu hadi alipokufa. Shangazi naye aliishi miaka mingi hivyo, chai yake ikichumwa na watu wengine, mumewe akimwita mzembe mbele ya watoto. Kila Krismasi nilijiambia, mwaka ujao nitamweleza. Mwaka jana tulimzika. Kanisani walinipa nafasi niseme machache, eti mimi ndiye mpwa aliyempenda. Nikasema alikuwa mchapakazi, nikaketi. Nilijichukia siku hiyo, na bado najichukia.

Basi sikia. Ukiondoa kile kinachozuia kichwa kugeuka, pima upya, hata kama ni mara kumi kwa siku. Ukiharibu, sema umeharibu; chuma kitupwe, utukanwe, mambo yaishe. Na ukisikia mtu anajilaumu kwa kosa lako, mkatize hapo hapo, mbele ya wote waliomsikia. Usingoje muwe wawili, usingoje Krismasi.

Mungu akulindie mikono yako, mwanangu, na mikono ya kila atakayetumia kazi yako. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akufungue mdomo mtu uliyemkosea angali hai.