Ng'ombe wa Shangazi Kwenye Faili la Jirani

Kinyaa kile hakijanitoka mpaka leo. Kila nikipita nje ya ofisi ile ya Karatu, natema mate.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kusajili mifugo kwa ajili ya chanjo. Mimi nilitaka kanzidata ya majedwali: jedwali la watu, jedwali la ng'ombe, na jingine la kuwaunganisha, linaloonyesha ng'ombe ni mali ya nani na analala kwa nani. Kwetu hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu humpa jirani ng'ombe wake amtunze. Jirani anapata maziwa na samadi, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na ndama wake pia.

Bosi wetu, mtu wa kuja, alitaka kanzidata ya nyaraka: kila kaya faili moja, ng'ombe wote wanatupiwa humo.

"Majedwali ni mambo ya kizamani, kaka. Hii ni fasta."

"Na ng'ombe wa mtu aliye kwa mtu mwingine?"

"Yuko kwenye zizi la nani? Basi ni wa huyo."

Akacheka, akabonyeza kibodi yangu kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi. Nilimchukia hapo hapo.

Shangazi yangu wa Endamarariek, mjane asiye na malisho, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na alimweka kwa jirani. Jirani akafariki. Wanawe wakaja kutoka mjini, wakafungua faili la baba yao kwenye simu: ng'ombe wanne, wa shangazi akiwemo. Wazee walimtetea. Mtendaji wa kijiji akaangalia simu.

"Mama, mfumo unasema ni wao."

"Huo mfumo ulikuwepo nilipomlea akiwa ndama?"

Wiki ile ile ng'ombe akauzwa mnadani.

Nilimwendea bosi, nikamweleza yaliyompata shangazi. Hata kichwa hakuinua. Akafungua faili la shangazi, lililokuwa tupu, akabandika nakala ya ng'ombe yule yule.

"Tayari. Sasa wote wanaye."

Nikachukua begi langu, nikaacha kazi.

Juzi nilimkuta shangazi mlangoni kwake, simu mkononi. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, akanipa nimsomee. Ujumbe ulitoka kwenye mfumo wetu: Ijumaa amlete ng'ombe wake kwenye chanjo.

Akanitazama usoni, akauliza, "Kwani amerudi?"