Saa Tatu Asubuhi Simu Iko Sokoni

Walipobomoa madarasa ya zamani wajenge mapya, shule ya serikali hapa Kabeza ilitangaza kwamba muhula huo darasa la sita litasomea kwenye simu. Wenye mpango walichukua ratiba ileile ya ukutani wakaihamishia mtandaoni: kuanzia saa tatu asubuhi, sare mwilini, mwalimu akiingia wote wasimame. Siku ya kwanza watoto walisimama kumwamkia, na kioo kikajaa matumbo na vifungo vya mashati.

Kesho yake simu ilikuwa na mimi sokoni Kimironko, nauza vitenge. Wateja wananilipa kwa simu. Nikiiacha nyumbani hatuli. Binti yangu akaandikwa hayupo. Wiki ikaisha, hayupo. Ukaja ujumbe: asiyehudhuria atarudia darasa, mtihani wa taifa asahau. Nilizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mimi niliishia sekondari. Huyu aishie la sita kwa ajili ya simu?

Nikampeleka sokoni na sare yake, nikamkalisha kando ya cherehani ya jirani yangu. Mwalimu akamwambia, "Wewe mtoto, zima hizo kelele." Soko linazimwaje? Kisha mteja akapiga, somo likakatika.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja, mtaa wote tulizibua mtaro. Mkuu wa shule, tunayemwita Direkta, anaishi mtaa huuhuu. Kwenye kikao cha baada ya kazi alikaa nyasini kama sisi, jembe mapajani, matope hadi magotini. Nikasimama.

"Direkta, saa tatu asubuhi simu ya nyumbani kwako iko wapi?"

"Mama, hayo tuyaongelee ofisini."

"Ofisini nilikuja, nikaambiwa uko mkutanoni. Hapa huna mlango."

Watu wakacheka. Nikawageukia. "Ambaye saa tatu simu yake inabaki na mtoto, anyanyue jembe."

Likanyanyuka moja tu, la mzee mstaafu ambaye hana mtoto shuleni.

"Mzee, shusha," jirani yake akamwambia. "Wewe unasoma darasa la ngapi?"

"Nitapeleka pendekezo juu," mkuu wa shule akasema.

"Huko juu hakuna mtoto wangu. Amua hapa."

Mwenyekiti wa kikao hakumwokoa. Direkta akabandua matope gotini, akabandua tena. "Basi. Masomo saa kumi na mbili jioni. Na siku walizokosa zifutwe."

Jumatatu jioni binti yangu aliitwa, akasimama kwa nguvu mpaka simu ikaanguka, akasema yupo. Nikakaa, mdogo wake kifuani.

Kisha mtoto mchanga akalia. Si wangu, wangu alikuwa ananyonya. Alikuwa wa mwalimu, kule kwenye kioo, kafungwa mgongoni, mama yake anayumba kushoto kulia huku akieleza sehemu na desimali, na nyuma yake sufuria inafoka jikoni. Kwenye kikao kile hakuna aliyeuliza, hata mimi, saa kumi na mbili mtoto wa mwalimu anakuwa na nani.

Nikasimama tena. Kukaa kulinishinda.