Makonzi Manne

Mwaka huu, kabla masika hayajaanza, mume wangu alipanda juu ya paa la nyumba yetu ya Kinole kusafisha gata, na harufu ya majani ya mfenesi yaliyooza ikanifuata chumbani. Anayeijua ananielewa. Ni kama chai ya juzi iliyosahaulika kwenye sufuria. Nikaanza kutokwa jasho, mtu mzima mimi, na kabla sijajijua nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono kwenye komeo, nahakikisha kwamba mlango unafunguka.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bibi mzaa mama, maana kwetu Waluguru mambo ya ardhi na nyumba hufuata upande wa mama. Baba alikuja kuoa akakuta paa, na chini ya paa mama mkwe. Alilima, alichimba choo, alichonga hata ngazi, lakini juu ya bati hakukanyaga. Mkwe atampandaje mama mkwe kichwani? Kwa hiyo gata lilikuwa kazi ya mjomba, kaka yake mama, aliyekuja kutoka Mlali kila mwaka kabla ya masika, akachinjiwa kuku, akasafisha.

Na gata halikuwa pambo. Kuta zetu zilikuwa za matofali mabichi, yale yasiyochomwa, na Bibi alizoea kusema, "Tofali bichi ni sukari, kulilowesha ni kulikoroga." Gata ndilo lililobeba maji ya paa zima na kuyamwaga kwenye pipa, mbali na ukuta.

Mwaka niliotimiza miaka kumi mjomba aliteguka mguu, hakuja. Macho yote yakanigeukia mimi. Nilikuwa mwepesi, na mjukuu hana mwiko kwa bibi yake. Mama akaegemeza ngazi pembeni mwa dirisha la Bibi, akaniagiza nichote taka konzi baada ya konzi mpaka nione bati, kisha akarudi jikoni.

Konzi la kwanza nililitupa chini, pwaa! La pili. La tatu. Nilipotupa la nne, jongoo mnene kama kidole gumba cha baba alikuwa anapanda kwenye mkono wangu. Nilishuka ngazi ile sijui kwa miguu au kwa makalio. Mama alipotoka akaona mdomo wa gata ni msafi, akauliza kama nimemaliza. Nikasema, "Nimemaliza, mama." Akanikaangia yai, mimi peke yangu, nami nikalila lote bila aibu.

Mvua zilichelewa kama wiki mbili. Bibi alikuwa hatoki kitandani kwa sababu ya nyonga, na kila asubuhi nilimpelekea uji. Akishakunywa huniuliza, "Na habari nyingine huna, mjukuu wangu?" Nami humwambia sina.

Kisha alasiri moja mvua ikashuka kutoka mlimani, nami niko chumbani kwa Bibi. Mama alikuwa sokoni, baba bustanini. Sikusikia maji yakiingia kwenye pipa. Niliona doa jeusi likishuka ukutani juu ya mlango, polepole, halafu ukuta ukakaa chini kama mtu aliyechoka. Mlango ukabanwa. Niliusukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa miguu yote miwili. Dirisha lilikuwa na nondo. Maji mekundu yakapita chini ya mlango yakinifuata miguuni, na juu yetu boriti zikaanza kulia. Niliogopa kufa, lakini niliogopa zaidi kwamba Bibi atakufa kwa mkono wangu.

"Bibi, lile gata..."

"Nyamaza. Mwite baba yako, hiyo ndiyo kazi ya mdomo wako sasa."

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Baba alifika, akaanza kufukua matofali mlangoni, na kila alipotoa moja, mawili yalianguka. Akaacha. Halafu, kwenye mvua ile, nikamsikia nje ya ukuta:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Vero."

"Mama, njia imebaki moja. Ya juu."

Bibi alinibana mkono. "Tangu leo," akasema, "paa hili halina mkwe. Panda!"

Bati liling'oka kwa kelele, mvua ikatumwagikia, na pale juu kikatokea kichwa cha baba. Alikuwa amefumba macho asimwone mama mkwe kitandani. Alinivuta hivyo hivyo kwa kupapasa, kisha akamtoa Bibi kwa kumfunga vitenge viwili.

Jioni tulijibanza jikoni, na mama akauliza, "Lakini gata si lilisafishwa?"

Bibi akanitangulia. "Lilisafishwa. Majani ya mfenesi hayaishi kudondoka." Akanivuta karibu, akakunja ngumi, akanigonga kichwani taratibu kwa vifundo: moja, mbili, tatu, nne. Nilidhani ananibembeleza. Nikacheka.

Chumba kile kilijengwa upya kwa matofali ya kuchoma, na siku hizi humo analala mama. Mume wangu hupanda bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwaka huu alipokuwa juu nilirudi kukaa kitandani humo, nikasikia taka zikipita dirishani, pwaa, pwaa, nikajikuta nahesabu. Nilifika thelathini na moja. Bibi alilala hapo hapo, akasikia manne.

Alijua. Wiki mbili nzima alilala chini ya gata lililoziba, hawezi kumwita mkwe, hataki kuniumbua. Alichoweza ni kuniuliza kila asubuhi kama nina habari nyingine, na mimi nilidhani anataka umbea.