Andiko la Kumi na Mbili

Milembe Bundala alikuwa ameandika maandiko kumi na moja ya kuomba kazi za utafiti, na yote kumi na moja yalijibiwa kwa ukimya. Mashirika hayana tabia ya kusema hapana. Yananyamaza tu, mtu aelewe mwenyewe. Ofisi yake pale Bariadi, chumba kimoja chenye kompyuta, printa na bango la "Ushauri na Utafiti", iliishi kwa kutoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa. Aliacha ualimu kwa ajili ya bango hilo. Mama yake, Nyanjige, alimvumilia miaka miwili, kisha akamwambia kwamba la kumi na mbili likikataliwa arudi darasani, maana mwalimu mkuu anamuulizia kila Jumapili baada ya misa. Milembe akakubali. Alikubali kwa mdomo, lakini moyoni iliuma, kwa sababu kazi ya kuuliza watu maswali na kuandika wanachosema aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

Andiko la kumi na mbili lilihusu ng'ombe. Shirika moja lilitaka idadi kamili ya ng'ombe wa kila kaya huko Lingeka, wilayani Meatu, ili lijue malambo ya kunyweshea yachimbwe wapi. Mwaliko ulikuwa na kurasa kumi na nne, na neno "kamili" lilirudiwa mara tisa.

Sasa niseme jinsi maandiko haya yanavyopikwa. Unachukua la zamani, unabadilisha jina la shirika, na ukikumbuka unabadilisha na tarehe. Wakitaka wataalamu, unaweka wasifu wa Daktari Januarius wa Mwanza, ambaye huuazimisha kwa yeyote anayeomba, kama jembe. Milembe hakuwahi kumwona. Hata hivyo Januarius alikuwa mtaalamu wake wa pamba, wa lishe na, mara moja, wa vyoo.

Safari hii alishindwa kumweka. Kama hili ndilo la mwisho, aliwaza, basi angalau liwe langu. Akafunga ofisi, akapanda basi, akaenda Lingeka kutafuta watu wa kufanya nao kazi kwa mkataba. Alimpata Violeth, aliyewahi kuwa karani wa sensa, anayeandika haraka na kuuliza polepole. Kisha Violeth akampeleka kwa mzee Ngassa, mchanjaji wa mifugo, mtu ambaye hakuna zizi Lingeka asilolijua.

Salamu zilichukua muda mrefu kuliko mazungumzo yenyewe. Milembe akasoma mwaliko wote, kurasa kumi na nne, na mzee akasikiliza wote, jambo ambalo nina hakika hata waliouandika hawajawahi kulifanya. Mwisho akauliza ni nani atakayekwenda kuuliza hilo swali la kwanza, la idadi.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "hapa humuulizi mtu ana ng'ombe wangapi. Atakwambia wapo."

Milembe aliona aibu. Yeye ni Msukuma, alizaliwa kwenye nyumba yenye zizi, na baba yake alikufa bila mtu kumsikia akitaja idadi. Hayo yote aliyajua kabla ya kujua kusoma. Lakini katika maandiko matatu kati ya yale kumi na moja alikuwa ameahidi, kwa wino wa printa, idadi kamili ya mifugo kwa kila kaya. Akamuuliza mzee kama yeye mwenyewe, kwa kuwa amewachanja, hawezi kumtajia. Ngassa akajibu kwa upole kwamba anajua, na kwamba ng'ombe hao si wake kuwataja. Badala yake akamwelekeza kisimani. Pale mifugo imechanganyika, si ya mtu. Pale ahesabu mpaka achoke, na aulize habari za maji, maana hakuna mtu Lingeka asiyependa kulalamikia maji.

Milembe akaandika hivyo hivyo. Ukurasa wa kwanza ulianza: "Idadi kamili ya ng'ombe wa kila kaya hatutaipata, wala mwingine hataipata." Violeth, aliyekuwa anachapa, aliacha kuchapa, akamwangalia, akaendelea. Wasifu wa Ngassa ulikuwa na mistari mitatu: Amechanja ng'ombe wa Lingeka kwa miaka kumi na tisa. Anajua ni wangapi. Hajawahi kusema.

Wakaitwa kwenye usaili. Milembe alikwenda na mzee, aliyevaa koti zito katika jua la Bariadi. Mwenyekiti wa jopo, Constantine, kijana wa Mwamanyili mwenye tai, aliwaambia kwamba waombaji wengine sita wameahidi idadi kamili, na kwamba wanne kati yao wana mtaalamu mmoja yuleyule, wa Mwanza. Kwa nini yeye peke yake anasema haiwezekani? Milembe akafungua mdomo. Aliyaona madawati na ubao wa darasa linalomsubiri.

Ngassa akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Mwanangu, wewe ni wa Mwamanyili. Baba yako ana ng'ombe wangapi?"

Constantine alitazama meza.

"Wapo," akasema.

Katibu wa jopo, dada mgeni aliyehamia mkoani mwezi uliopita, alikuwa ameshika kalamu tayari. Akauliza waandike wapo wangapi. Constantine akarekebisha tai yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba wapate kwanza maelezo ya kuhesabu kisimani.

Barua ya kupewa kazi ilikuja Alhamisi. Milembe alilia kidogo juu ya printa, kisha akatoa nakala moja kwa ajili ya mama yake. Nyanjige aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye kitabu chake cha sala. Jumapili, baada ya misa, alimfuata mwalimu mkuu mwenyewe na kumwambia atafute mtu mwingine.